Susanna Wesley, Mama wa Nyumba ya Epworth



Katika miaka yetu ya ualimu, na hata sasa tunapokaa nyumbani baada ya kustaafu, akina mama wengi wametujia na neno moja. Husema kwamba wao si wake wema wa Kikristo, kwa kuwa nyumba zao hazina raha. Mume ni mgumu. Fedha hazitoshi. Watoto ni wengi, na wengine wamekwisha kuzikwa. Sala ya jioni hukatizwa na kilio cha mtoto, au na mwenye duka aliyekuja kudai chake. Wakisikia kanisani habari za yule mke mwema wa kitabu cha Mithali, hurudi nyumbani wameinamisha vichwa, wakidhani kwamba Mungu hukaa katika nyumba zilizotulia tu.

Kwa ajili ya mama hao twapenda kusimulia maisha ya mke wa kasisi mmoja wa Kanisa letu, aliyeishi Uingereza zaidi ya miaka 300 iliyopita. Jina lake ni Susanna Wesley. Wengi wanawajua wanawe wawili, John na Charles. John alizunguka Uingereza nzima juu ya farasi akihubiri Injili, na Charles alitunga nyimbo maelfu, ambazo baadhi twaziimba mpaka leo Krismasi na Pasaka. Lakini nyumba iliyowalea watu hao haikuwa nyumba ya raha. Ilijua deni, ugomvi, moto na makaburi ya watoto.

Binti aliyejifunza kufikiri

Susanna alizaliwa London tarehe 20 Januari 1669. Baba yake, Samuel Annesley, alikuwa mchungaji mwenye elimu na sifa njema. Mwaka 1662 alikuwa miongoni mwa wachungaji wengi walioondolewa katika Kanisa la Uingereza kwa sababu hawakuweza kukubali yote yaliyoagizwa katika Kitabu cha Sala. Susanna alikuwa kitinda mimba katika jamaa kubwa mno, mtoto wa 25 wa baba yake.

Siku zile wasichana hawakupelekwa vyuoni. Lakini nyumba ya Annesley ilijaa vitabu na wageni wenye elimu, na binti huyu alisoma na kusikiliza. Alipokuwa na umri wa karibu miaka 13 alizipima hoja za pande mbili, za watu wa baba yake na za Kanisa la Uingereza, akaamua kurudi katika Kanisa lile lililomwondoa baba yake. Twaweza kuwaza jinsi jambo hilo lilivyoweza kuivunja jamaa. Lakini mzee Annesley hakumfukuza wala hakumchukia. Alimpenda mpaka mwisho, hata akamwachia karatasi zake zote. Hivyo Susanna alijifunza mapema kwamba mtu aweza kutofautiana na mwenziwe kwa dhamiri safi, na bado wakapendana. Somo hilo lilimfaa baadaye.

Novemba 1688 aliolewa na Samuel Wesley, kijana aliyekuwa amewekwa shemasi mwaka ule ule. Naye alizaliwa katika jamaa ya waliojitenga na Kanisa, naye pia alirudi. Baada ya miaka michache ya kuhamahama walifika Epworth, mji mdogo katika nchi ya mabwawa huko Lincolnshire. Hapo ndipo Susanna alipokaa karibu miaka 40.

Samuel alikuwa mtu mwenye elimu nyingi na mshairi, mwaminifu katika kazi ya ukasisi. Lakini alikuwa mwepesi wa hasira, na katika mambo ya fedha hakuwa na busara. Walizaa watoto 19. Tisa kati yao walikufa wangali wachanga. Kumi wakakua: wavulana watatu na wasichana saba.

Amina iliyokosekana

Mwaka 1688 Mfalme James II aliondolewa katika kiti chake, na William akatawala mahali pake. Samuel alimkubali mfalme mpya kwa moyo wote. Susanna aliamini kwamba mfalme wa haki ni yule aliyeondolewa. Hakufanya fitina, wala hakuhubiri jambo hilo sokoni. Ila mume wake alipomwombea Mfalme William katika sala ya nyumbani, Susanna hakuitika Amina.

Siku moja, karibu na mwisho wa utawala wa William, Samuel aligundua. Alimwita mke wake, akamtaka aeleze, kisha akaapa kwamba hatalala naye kitanda kimoja mpaka atakapomwomba Mungu na yeye msamaha. Susanna alijibu kwamba kama angeonyeshwa kosa lake angeomba msamaha mara moja, lakini hawezi kuomba msamaha kwa jambo ambalo dhamiri yake haioni kuwa ni dhambi. Samuel akaondoka, akaenda London, akamwacha mke na watoto.

Tutazame alivyofanya mama huyu. Hakuwatangazia majirani, wala hakuwafundisha watoto kumdharau baba yao. Hata hivyo hakunyamaza mpaka moyo ukaoza. Alimwandikia mama mmoja mtu mzima aliyemwamini, na kwa njia yake akapata shauri la kasisi mmoja mwenye hekima, aliyemwambia asiivunje dhamiri yake. Akalishika shauri hilo, akaendelea kuwalisha watoto, kuwafundisha na kumngoja mume.

Machi 1702 Mfalme William alifariki, na sababu ya ugomvi ikafa pamoja naye. Lakini kiburi hakifi upesi hivyo, na Samuel hakurudi mara moja kuwa mume kama kwanza. Mwaka ule ule kasisi mwenzake alimsihi, na moto ukateketeza sehemu kubwa ya nyumba yao. Mbele ya majivu yale Samuel alirudi kwa mke wake. Tarehe 17 Juni 1703 walipata mtoto wa kiume, wakamwita John. Huyu ndiye John Wesley ambaye dunia yamjua. Alikuwa mtoto wa mapatano.

Hatusimulii haya ili kuwafundisha wake kushindana na waume zao. Twasimulia kwa sababu wako mama wanaodhani kwamba ugomvi mmoja mkubwa umekwisha kuiharibu ndoa yao milele. Jambo jema kuliko yote lililotoka katika nyumba ya Epworth lilikuja baada ya ugomvi uliokuwa karibu kuimaliza.

Deni na mkate

Mwaka 1705 taabu ziliongezeka. Watu wengi wa Epworth walikuwa wakali, na walimchukia kasisi wao kwa sababu ya siasa. Mwaka ule wa uchaguzi, umati ulizunguka nyumba usiku ukipiga kelele. Susanna alikuwa amejifungua karibuni, na mtoto alikuwa kwa yaya jirani na hapo. Yaya yule hakupata usingizi kwa kelele zile. Alipolala mwishowe, alilala mno, akamlalia mtoto, mtoto akafa. Wakamletea Susanna maiti ya mwanawe.

Baada ya muda mfupi mmoja wa waliomdai Samuel alimshtaki, naye akatiwa katika gereza la Lincoln. Huko akawa anawasomea wafungwa sala. Nyuma yake watu wabaya waliwajeruhi ng'ombe wake, ili watoto wakose maziwa. Susanna, akiwa hana fedha, alivua pete zake akampelekea mume gerezani azitumie. Samuel alizirudisha. Pete zile zatuambia kwamba wawili hawa, waliowahi kutengana kwa ajili ya Amina moja, walikuwa wakipendana.

Samuel alifunguliwa baada ya miezi michache kwa msaada wa marafiki. Mmoja wao alikuwa John Sharp, Askofu Mkuu wa York. Huyu alimwuliza Susanna kwa upole kama amewahi kukosa mkate kabisa. Alijibu kwa ukweli: kukosa kabisa hakukosa, lakini amehangaika sana kuupata kabla ya kuula, na kuulipia baada ya kuula, hata mara nyingi mkate wenyewe ulikuwa mchungu kinywani. Askofu Mkuu akampa msaada mkubwa. Nadhani hakuna mama anayesoma ukurasa huu asiyeelewa jibu lile. Susanna hakuona kwamba imani yamlazimu kusema kwamba yote ni mema wakati si mema.

Usiku wa moto

Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 nyumba yao iliungua tena, mara hii yote. Watu wa nyumbani waliamka moto umekwisha kushika paa. Susanna alikuwa mgonjwa na mjamzito, karibu kujifungua, hata hakuweza kupanda dirishani. Alipita katikati ya moto mpaka nje, akaungua kidogo mikono na uso.

Walipohesabu watoto, John hakuwapo. Alikuwa na umri wa miaka mitano. Baba yake alijaribu kupanda ngazi, lakini ngazi zilikuwa zikiungua. Akapiga magoti, akaikabidhi roho ya mtoto mikononi mwa Mungu. Lakini mtoto alikuwa amepanda juu ya sanduku akasimama dirishani. Hapakuwa na wakati wa kuleta ngazi. Mtu mmoja alisimama mabegani mwa mwenzake, akamtoa, na mara hiyo paa likaanguka. Samuel akawaita majirani wapige magoti wamshukuru Mungu. Nyumba imekwenda, vitabu vimekwenda, lakini watoto wote wapo.

Nyumba mpya ilijengwa kwa matofali, nayo yasimama Epworth mpaka leo. Lakini muda wote wa ujenzi watoto walitawanywa katika nyumba za watu. Waliporudi, mama yao alihuzunika. Walikuwa wamejifunza maneno machafu, wamesahau adabu, na sala zao zimelegea. Kazi ya miaka mingi ilionekana kama imeungua pamoja na paa. Susanna hakulia sana juu ya hilo. Alianza upya.

Shule ya nyumbani

Hapa sisi walimu wa zamani twatega masikio. Kwa miaka 20 Susanna aliendesha shule nyumbani mwake, saa sita kila siku. Mtoto alipotimiza miaka mitano, kesho yake alianza kufundishwa herufi, na wengi wao walizijua zote kwa siku moja. Kitabu cha kwanza kilikuwa Biblia, kuanzia Mwanzo sura ya kwanza.

Baadaye John alimwomba aandike jinsi alivyowalea, naye akaandika katika barua ya mwaka 1732. Baadhi ya sheria zake ni kali mno, nasi hatuzisifu zote. Alimzoeza mtoto wa mwaka mmoja kuogopa fimbo na kulia polepole. Sisi tulioshika fimbo darasani miaka mingi twajua jinsi inavyomfunga mtoto ulimi. Lakini nyingine twatamani zibandikwe katika kila nyumba. Mtoto aliyekosa akakiri kweli, asipigwe, ili hofu isimfundishe kusema uongo. Mtoto asiadhibiwe mara mbili kwa kosa moja, wala asikumbushwe tena baadaye. Akifanya jambo kwa nia ya kupendeza, hata kama hakulifanya vizuri, apokewe kwa wema. Ahadi itimizwe. Mali ya kila mmoja iheshimiwe, hata kama ni pini. Na iko moja iliyotupendeza kuliko zote: msichana asipewe kazi za mikono mpaka ajue kusoma vizuri. Susanna aliona kwamba wasichana wengi hawasomi vema kwa sababu huwekwa kwenye kushona kabla ya wakati. Aliandika hivyo karibu miaka 300 iliyopita, na bado ziko nyumba ambazo binti hutolewa kitabu mkononi akapewa ndoo.

Mwaka 1711 au karibu na hapo, binti yake mkubwa, Emilia, alikuta katika chumba cha vitabu cha baba yake habari za wamisionari wawili waliopelekwa na Mfalme wa Denmark, wakafika Tranquebar, Bara Hindi, mwaka 1706. Susanna aliposomewa habari hizo, moyo wake uliwaka. Alijiuliza yeye, mwanamke asiyeweza kwenda Bara Hindi, aweza kufanya nini. Akaona kwamba watu wa kuwaendea anao tayari, wamelala chini ya paa lake.

Basi akaamua kukaa na kila mtoto peke yake, jioni moja kwa juma, kuzungumza naye habari za roho yake. Jumatatu ilikuwa ya Mary, Jumanne ya Mehetabel, Jumatano ya Anne, Alhamisi ya John, Ijumaa ya Martha, Jumamosi ya Charles, na Jumapili ya Emilia na Susanna mdogo.

Tuseme kweli, habari hii ilituhukumu. Tulipotoka chuo cha ualimu tulidhani twajua yote. Mwaka wetu wa kwanza tulipewa darasa la watoto zaidi ya 50, nasi tuliwahesabu kila asubuhi kama mtu anavyohesabu magunia. Mwisho wa mwaka tuligundua kwamba mvulana mmoja wa nyuma hakujua kusoma hata neno moja. Mwaka mzima alikuwa akifuatisha sauti za wenzake. Hakutudanganya yeye. Sisi hatukuwahi kukaa naye peke yake hata mara moja.

John hakuisahau Alhamisi yake. Alipokuwa mtu mzima na mwalimu Oxford, alimwandikia mama yake akimwomba amgawie tena, kwa maombi, ule muda mfupi wa Alhamisi jioni. Mtu msomi alikumbuka jioni za jikoni kuliko mihadhara.

Ibada ya jikoni

Majira ya baridi ya 1711 kuingia 1712 Samuel alikuwa London katika mkutano mkuu wa makasisi. Kasisi msaidizi aliyeachwa Epworth hakuwalisha watu vema, wala hapakuwa na ibada ya Jumapili jioni. Susanna akawa anawakusanya watoto na watumishi jikoni, akawasomea sala na mahubiri. Kijana mmoja mtumishi aliwaambia wazazi wake. Nao wakaomba kuja. Kisha majirani. Wakawa 30, wakawa 40, na mwishowe wakazidi 200, hata wengine wakarudi kwa kukosa nafasi.

Kasisi msaidizi alikasirika, akamwandikia Samuel kwamba mkewe anaharibu utaratibu. Samuel naye aliona haya, akamwandikia Susanna kwamba jambo hilo halifai, kwa kuwa yeye ni mwanamke, na kwa ajili ya cheo cha mume wake. Majibu yake yalijaa heshima na nguvu. Alisema kwamba ni kweli yeye ni mwanamke, lakini pia ni mama wa nyumba, na mume anapokuwa mbali roho zilizo chini ya paa lile ni amana mikononi mwake, naye atatoa hesabu. Alimweleza jinsi watu waliokuwa hawakanyagi kanisani wameanza kuja, na jinsi uadui wa watu na nyumba ya kasisi ulivyopungua. Mwisho alimwambia kwamba kama aona lazima mkutano uvunjwe, asimwambie tu kwamba apenda hivyo. Ampe amri iliyo wazi, ili lawama isiwe juu yake watakaposimama wote wawili mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo.

Samuel aliiacha ibada iendelee.

Mke huyu aliweka jambo lake mikononi mwa mume wake, lakini alihakikisha kwamba mume ajua uzito wa kile anachokishika. Na tukumbuke kwamba katika umati ule wa jikoni walikuwamo wavulana wawili, John wa miaka minane na Charles wa miaka minne. Walipokuwa watu wazima hawakuogopa kuhubiri nje ya jengo la kanisa.

Machozi ya mabinti

Tungeweza kuishia hapa, lakini tusingewatendea haki akina mama wenye uchungu. Wengi wa mabinti wa Susanna waliishi katika ndoa za huzuni. Mehetabel, aliyekuwa na akili nyingi kuliko wote, alidanganywa na mwanamume akapata mimba. Mwaka 1725 baba yake alimlazimisha kuolewa haraka na fundi mmoja asiyelingana naye, wala hakumpokea tena kwa moyo mkunjufu. Mama yake naye alichelewa kumhurumia. Ni John kijana aliyesimama kanisani akahubiri juu ya rehema kwa wakosaji, na baba yake akajua ni nani aliyekusudiwa. Martha naye aliolewa na kasisi aliyeonekana mcha Mungu, Westley Hall, ambaye baadaye alimwacha akaishi maisha ya aibu.

Watu husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo ni ya kweli, lakini si kamba ya kumnyongea mama. Watoto waliokula meza moja na kufundishwa kitabu kimoja walipita njia mbalimbali. Susanna alifanya kazi kubwa, na katika kazi hiyo yako makosa yake. Mama mwenye binti aliyeanguka ajue kwamba hata katika nyumba ya Epworth mlango uliwahi kufungwa ambao ungepaswa kufunguliwa. Asingoje kama wao walivyongoja.

Mezani pa Bwana

Samuel alifariki Aprili 1735. Siku ile ile aliyozikwa, mtu aliyewakodisha shamba alikamata mifugo yao kwa deni la pauni 15. Hivyo Susanna akawa mjane asiye na kitu, akihamia kwa mtoto huyu na huyu, mpaka akaja kukaa na John London, katika jengo la Foundery, lililokuwa zamani kiwanda cha kusubu mizinga.

Yeye aliyefundisha dini miaka yote alikuwa bado na jambo la kupokea. Mwaka 1739 alimweleza John kwamba hapo nyuma hakuthubutu kujiombea uhakika wa kusamehewa dhambi. Lakini siku moja, akiwa mezani pa Bwana, mkwewe Hall alipompa kikombe, maneno juu ya damu ya Kristo iliyomwagika kwa ajili yake yalimchoma moyo. Akajua kwamba Mungu, kwa ajili ya Kristo, amemsamehe yeye dhambi zake zote. Alikuwa na miaka 70, na mkono uliomshikia kikombe haukuwa mkono safi. Neema haikuzuiliwa na mkono ule.

Huko Foundery alimsaidia John tena. Thomas Maxfield, mtu asiyewekwa wakfu, alianza kuhubiri John alipokuwa safarini. John alirudi kwa hasira ili amzuie. Mama yake akamwonya aangalie, kwa kuwa mtu huyu ameitwa na Mungu kama yeye John alivyoitwa, akamshauri amsikilize kwanza na kuyatazama matunda. John akasikiliza, akamwachia. Wahubiri wengi wasio makasisi walifuata mlango huo. Mama aliyeulizwa zamani kwa nini awasomee watu jikoni hakusahau.

Julai 1742 alikuwa kitandani, na wanawe wamemzunguka. Aliwaomba kwamba mara atakapofunguliwa waimbe zaburi ya sifa. Wakaimba. John alimzika Bunhill Fields, London, mbele ya umati mkubwa wa watu.

Mama wapendwa, nyumba ya Susanna haikutulia. Alichokuwa nacho ni saa chache alizozitenga, akazishika juma kwa juma, baada ya ugomvi, baada ya msiba na baada ya moto. Haba na haba hujaza kibaba. Wewe nawe huenda huwezi leo kulipa deni lote au kumbadilisha mume wako. Lakini waweza kumchagua mtoto mmoja juma hili, ukamwita akae karibu nawe wakati unapochambua mchicha, ukamsikiliza mpaka amalize. Juma lijalo umwite mwingine. Na kama yuko aliyeondoka nyumbani kwa aibu, mpelekee salamu kabla jua halijatua.

Nasi wanaume na wazee wa kanisa, tunapomwona mama anakusanya watu jikoni mwake kwa sala, tujihadhari tusiuvunje mkutano ule upesi.

Mungu wa amani akae nanyi katika nyumba zenu, kama zilivyo. Amina.